Bernard Kamungo wa Kasulu: mechi moja ya Marekani, kisha kimya. Je, bado ana nafasi?

#1 – Mkesha wa Mpira
Wakuu, habari za jioni. Baada ya Marekani kufungwa na Mexico mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Gold Cup (kombe la mataifa ya Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi) mjini Houston tarehe 6 mwezi huu wa Julai 2025, nilipitia majina ya kikosi chao kuanzia kipa hadi sabu wa mwisho, nikimtafuta kijana mmoja ambaye nilijua fika kwamba hayumo.

Kwa wasiomfahamu, Bernard Kamungo alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa wazazi waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2016 familia ilihamishiwa Abilene, Texas, naye akiwa na miaka 14 bila Kiingereza cha kuombea maji. Akachezea timu ya shule, na mwaka 2021 kaka yake akamlipia ada ya majaribio ya wazi ya North Texas SC, ambayo ni timu ya pili ya FC Dallas, klabu ya ligi kuu ya Marekani. Akapita. Mwaka uliofuata akapata mkataba na timu kubwa yenyewe. Agosti 2023, siku Messi alipokwenda Frisco, nyumbani kwa Dallas, na Inter Miami katika Leagues Cup (mashindano ya klabu za Marekani na Mexico), ni Kamungo aliyewafungia Dallas bao la kuongoza 2 kwa 1 kabla ya mapumziko, katika ile mechi iliyoisha 4 kwa 4 na Miami wakashinda kwa penalti. Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa dhidi ya Slovenia mjini San Antonio, wakafungwa 1 kwa 0.

Tangu siku ile hajacheza tena mechi ya wakubwa. Dakika zake nyingi ninazokesha kuzitazama anatokea benchi. Swali langu ni hili: je, kijana wa miaka 23 aliyezoea kupasha misuli pembeni ya uwanja hadi dakika ya 70 anaweza kurudi timu ya taifa ya nchi ambayo mwaka 2026 inaandaa Kombe la Dunia? Mimi naamini mlango umefungwa, na kilichoufunga ni benchi.

#2 – Refa Mstaafu
Ndugu Mkesha, uzi mzuri, ila hitimisho umelitanguliza mbele ya ushahidi. Benchi lenyewe halijawahi kumfungia mtu mlango wa timu ya taifa, kwani kinachotazamwa ni benchi la wapi na unapoingia unafanya nini. Ricardo Pepi, ambaye naye ni zao la FC Dallas, amekaa PSV ya Uholanzi nyuma ya Luuk de Jong kwa muda mrefu, lakini tarehe 27 Novemba 2024 PSV walikuwa nyuma 2 kwa 0 dhidi ya Shakhtar, wakasawazisha, na Pepi aliyetokea benchi akafunga la tatu katika dakika za nyongeza. Mchezaji wa namna hiyo makocha hawamsahau hata akianza mechi mbili kwa msimu.

Tofauti ya kijana wako ni kwamba anakaa benchi la Dallas, na Dallas si PSV.

#3 – Kipa Namba Mbili
Mkuu Refa amesema sehemu. Sehemu nyingine ni ile mechi yenyewe ya Slovenia, ambayo watu wa kwetu waliishangilia bila kuielewa. Ilichezwa tarehe 20 Januari, nje ya kalenda ya FIFA, wakati klabu za Ulaya hazilazimiki kumwachia mtu yeyote. Kambi ya Januari ya Marekani ni desturi ya miaka mingi ambapo kocha anakusanya wachezaji wa ligi ya nyumbani wakiwa mapumzikoni, anawatazama, anawapa mechi moja au mbili, kisha Machi wakubwa wanarudi kutoka Italia, Uingereza na Ujerumani na vijana wote wanarejeshwa makwao. Kwa hiyo swali la kwa nini hajaitwa tena halina maana kubwa, kwa sababu wengi wa waliocheza siku ile yamewakuta hayo hayo. Alialikwa chai, ninyi mkadhani ameposwa.

#4 – Binti wa Uvira
Shikamooni wakubwa. Mnamwita "wa Kasulu" kwa mdomo mtamu, lakini wazazi wake ni wa kwetu ng'ambo ya ziwa, na Kasulu alizaliwa kwa sababu ya vita. Nawakumbusha jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Yeye alicheza San Antonio tarehe 20 Januari 2024. Siku nne baadaye, tarehe 24, Taifa Stars na Leopards, timu yetu ya Kongo, walikutana Korhogo katika Kombe la Mataifa ya Afrika na kutoka suluhu, bila bao hata moja kwa dakika 90. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni na jirani yangu Mtanzania, tukilaumiana kwa ubutu wa mawinga wetu, huku winga aliyezaliwa kwenu kwa damu ya kwetu akiwa Texas na jezi ya nchi ya tatu.

#5 – Mkesha wa Mpira
Dada Binti wa Uvira, marahaba. Hapo umenichoma. Kichwa cha uzi nitakiacha kama kilivyo, maana kubadilisha sasa nitaonekana nimeshindwa.

#6 – Dogo wa Temeke
Hoja yote imekwisha basi. Ameshachezea Marekani timu ya wakubwa, kwa hiyo amefungwa huko maisha yake yote. Tuache kujipa matumaini ya Taifa Stars.

#7 – Karani wa Kanuni
Dogo, hapana, na ni vizuri tuliweke sawa kabla halijaenea. Kinachomfunga mchezaji ni mechi ya mashindano rasmi, na Slovenia ilikuwa mechi ya kirafiki. Kwa kanuni za FIFA, mtu aliyecheza mechi za kirafiki tu hahitaji hata kuomba kibali cha kubadili shirikisho, mradi awe na uraia wa nchi anayoitaka. Mkutano Mkuu wa FIFA wa mwaka 2020 ulilegeza zaidi hata kwa waliocheza mechi za mashindano: kama hazizidi tatu, alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka mitatu, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara, anaweza kuomba kuhama.

Niongeze na upande wa Marekani, kwa sababu mtu ataniuliza alistahili vipi. Aliyehamia nchi akiwa kati ya miaka 10 na 18 anatakiwa awe ameishi huko mfululizo kwa miaka isiyopungua mitano, pamoja na kuwa na uraia. Yeye alifika mwaka 2016.

Kwa hiyo kwa upande wa FIFA, kijana yuko huru. Kikwazo ni neno "uraia".

#8 – Dogo wa Temeke
Asante mkuu Karani, nimejifunza. Sasa kama ni uraia, si amezaliwa Tanzania? Mbona Haji Mnoga amezaliwa Portsmouth na anacheza Stars?

#9 – Karani wa Kanuni
Mnoga na Tarryn Allarakhia wamezaliwa Uingereza, lakini wana asili ya Tanzania kwa mzazi, na huo ndio mzizi wa haki yao. Kamungo yuko kinyume kabisa: ardhi anayo, mzazi hana. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ukiisoma kifungu cha 5 kwa macho matupu, inaonekana kumpa uraia karibu kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui. Katika utekelezaji, hata hivyo, mamlaka hazijawahi kuisoma hivyo kwa watoto wa wakimbizi. Warundi wa mwaka 1972 waliopewa uraia, takriban 162,000, waliupata kwa tajnisi, yaani kwa uamuzi maalumu wa serikali. Wakongo wa Nyarugusu hawakuwamo.

#10 – Wakili wa Kijiji
Karani, hapo umekiri mwenyewe kwamba kifungu kinasema kimoja na ofisi zinafanya kingine. Mimi ningelipeleka suala hili mahakamani kwa furaha. Lakini hata nikishinda, nitakutana na ukuta wa pili: mtu mzima hawezi kushika uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Ile hadhi maalumu ya diaspora iliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025 inasaidia mambo ya kuingia nchini na ardhi, lakini hadhi si uraia, na FIFA hawaitambui. Angelazimika kurudisha pasi ya Marekani ili aje kugombea namba Benjamin Mkapa. Nani kati yenu angemshauri mdogo wake afanye hivyo?

#11 – Binti wa Uvira
Na kabla hamjanigeukia mimi: sheria yetu ya mwaka 2004 nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Pamoja na hayo Bakambu, Masuaku na Wissa wote wamezaliwa Ufaransa na wanaichezea Leopards. Kwetu sheria ikikutana na mshambuliaji, husogea pembeni kwa adabu.

#12 – Kipa Namba Mbili
Dada, hiyo sentensi naomba niiazime.

#13 – Mwalimu wa Heru Juu
Ndugu zangu, naomba nitoke kwenye sheria kidogo. Nilifundisha wilayani Kasulu kwa miaka kadhaa, na mara tatu niliingia Nyarugusu kwa kibali, maana mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini ovyo wala mgeni kuingia ovyo. Nilichokiona huko kimenifanya nisishangae habari za kijana huyu hata chembe. Saa kumi jioni kila penye kiwanja cha udongo mwekundu kulikuwa na chandimu, mpira ni mifuko ya plastiki iliyoviringishwa na kufungwa kamba, na watoto wanaokimbia peku juu ya changarawe bila kupunguza mwendo. Mpira wa namna ile haudundi. Huwezi kuusubiri utulie, wala huwezi kuupiga pasi ndefu, kwa hiyo mtoto anajifunza kuusukuma karibu na mguu, kumpita mtu, na kupiga mara tu anapoona upenyo.

Nikimtazama Kamungo anapoingia mechi imechoka, namwona mtoto wa chandimu mtupu. Anachukua mpira pembeni, anamkabili beki, anaingia ndani, anapiga. Hasubiri.

#14 – Refa Mstaafu
Mwalimu, umeeleza vizuri kwa nini anafaa dakika 20 za mwisho, na bila kukusudia umeeleza kwa nini hapewi 90. Nimechezesha ndondo kwa miaka 16 na nawajua wachezaji wa aina hiyo kwa jina la mama zao. Mechi ikishavunjika na mabeki wakichoka, wanaua. Mechi ikiwa imefungwa, dakika ya 15, kocha anataka winga ajue lini arudi kumsaidia beki wake, lini abane ndani ili beki apande, lini azuie njia ya pasi bila kuugusa mpira. Hayo hayafundishwi kwenye chandimu, hufundishwa kwenye akademi kati ya miaka 10 na 16. Kamungo aliingia kwenye mfumo wa klabu akiwa na miaka 19.

#15 – Binti wa Uvira
Refa, nikusaidie kwa mfano unaoniuma. Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka huo huo wa 2002, naye katika kambi ya wakimbizi, huko Angola, na wazazi wake ni Wakongo vilevile. Familia ikaenda Ufaransa akiwa mdogo, na miaka 11 ilipofika alikuwa tayari katika akademi ya Rennes. Mwaka 2022, fainali ya Kombe la Dunia pale Qatar, Ufaransa wakiwa nyuma 2 kwa 0, Camavinga akaingizwa kama sabu, tena acheze beki wa kushoto, nafasi ambayo si yake. Alifanya kazi ile kama aliyezaliwa nayo. Mtu aliyefundishwa mapema unaweza kumhamisha, lakini aliyejifunza mwenyewe anajua mahali pake tu.

#16 – Mkesha wa Mpira
Na Alphonso Davies je? Naye ni mtoto wa kambi, Buduburam nchini Ghana, wazazi Waliberia. Alipata uraia wa Kanada mwezi Juni 2017 na wiki moja baadaye akacheza timu ya taifa. Mbona hakukawia?

#17 – Refa Mstaafu
Kwa sababu akiwa na miaka 14 alikuwa anahamia akademi ya Vancouver Whitecaps. Kamungo akiwa na miaka 14 alikuwa anashuka kwenye ndege kwenda Abilene, mji ulio saa kama tatu kwa gari kutoka Dallas, mahali ambapo mpira unaojaza viwanja siku ya Ijumaa ni ule wa kushika mikononi. Miaka ya akademi ikampita akiwa anajifunza kusoma mabango ya barabarani.

#18 – Mama Wawili wa Ohio
Samahani kwa kuingia, huwa nasoma tu. Watoto wangu wawili wanacheza huku, mmoja ana miaka 12 na mwingine 15. Ndugu mlioko nyumbani mnadhani Marekani kila mtoto mwenye kipaji anaokotwa. Ukweli ni kwamba klabu za vijana hapa mzazi ndiye analipa: ada ya msimu, sare za timu, hoteli za mashindano, mafuta ya gari kila mwisho wa wiki. Mwaka juzi klabu moja ilimtaka mkubwa wangu, tukapiga hesabu na baba yao usiku kucha mezani jikoni, na asubuhi tukawaandikia kwamba hatuwezi. Akabaki timu ya shule, ambako msimu ni wa miezi michache na maskauti hawafiki. Klabu kubwa za ligi zina akademi ambazo hazitozi ada, lakini uwe umeonekana, na uwe unakaa karibu au una mtu wa kukupeleka mazoezini jioni nne kwa wiki. Sisi tunafanya kazi za zamu.

Kwa hiyo nikisoma kwamba kaka yake ndiye aliyemlipia majaribio, naona jambo kubwa kuliko bao alilofunga mbele ya Messi. Kule kwetu kambini na huku, kuna watoto wangapi ambao hawakuwa na kaka wa kulipa?

#19 – Kipa Namba Mbili
Mama, pole, na mchango wako ni mzito. Swali la udadisi: huyo wa miaka 15 anacheza namba ngapi, na uraia wake ukoje? Tuanze kujipanga mapema.

#20 – Mama Wawili wa Ohio
Anacheza beki wa kulia. Baba yake ni wa Tanga, mimi wa Bukavu. Piganieni wenyewe.

#21 – Mchambuzi wa Pembeni
Nimesoma yote. Nadhani tunatafuta sababu kubwa mno kwa jambo lenye sababu ya kawaida. Angalieni nafasi yake. Winga wa Marekani anashindana na Christian Pulisic, Timothy Weah, Brenden Aaronson, na sasa Diego Luna. Kocha Mauricio Pochettino alipochukua timu Septemba 2024 hakumrithi Kamungo katika mipango yake, kwa sababu aliyempa mechi ya Slovenia alikuwa Gregg Berhalter. Kocha mpya ana macho mapya, na macho hayo yamewaona wengine.

Ila Luna huyo huyo anavunja hoja ya mkuu Kipa katika #3. Ni mchezaji wa Real Salt Lake, ligi ya nyumbani. Alitumia kambi ya Januari 2025 vizuri, akavunjika pua dhidi ya Costa Rica, akakataa kutoka, akatoa pasi ya bao, na Pochettino akamsifia hadharani. Miezi sita baadaye alikuwa nguzo ya Gold Cup. Matt Turner naye: hakuchaguliwa na timu yoyote ya ligi katika mchujo wa wachezaji wa vyuo, akapata mechi yake ya kwanza ya taifa katika mechi ya Januari 2021 akiwa na miaka 26, na mwaka uliofuata ndiye aliyedaka Qatar. Ile chai ya Januari, mzee, kuna waliokunywa na kuhamia kabisa.

#22 – Kipa Namba Mbili
Nakubali kwa Turner, kwa kuwa ni kipa na makipa tunaheshimiana. Lakini Luna anaanza kila wiki klabuni kwake. Pua unaivunja ukiwa uwanjani, huwezi kuivunja ukiwa umevaa kizibao cha rangi nyuma ya goli. Tumerudi kwenye benchi la Mkesha.

#23 – Mkesha wa Mpira
Nilisema mimi katika #1.

#24 – Refa Mstaafu
Ulisema "kilichoufunga ni benchi". Mimi nauliza nini kilichompeleka benchi. Hayo ni maswali mawili, mkuu.

#25 – Mkazi wa Frisco
Habari zenu. Nakaa karibu na uwanja wa FC Dallas na huenda mara kwa mara, kwa hiyo niongeze la mtu aliyeko kwenye jukwaa. Tangu apande timu kubwa, kijana amepitia makocha watatu: Nico Estévez aliondolewa Juni 2024, Peter Luccin akashikilia hadi mwisho wa msimu, kisha akaja Eric Quill. Kila mmoja ana mfumo wake, na winga ndiye wa kwanza kuumia mfumo ukibadilika, hasa kocha anapopenda mabeki watatu nyuma, maana hapo winga anatakiwa awe beki nusu au mshambuliaji nusu.

Jambo la ajabu ni kwamba Quill ndiye aliyekuwa kocha wa North Texas SC mwaka 2021, Kamungo alipotokea kwenye majaribio ya wazi. Yaani bosi wake wa sasa ndiye aliyemwona akiwa hana lolote zaidi ya viatu. Wengine hapa jukwaani wanasema hilo ni bahati yake. Rafiki yangu mmoja anasema ni balaa, kwa sababu kocha aliyekujua ukiwa mwanafunzi hachoki kukuona mwanafunzi.

Na jambo ambalo televisheni haiwaonyeshi: akiinuka kupasha misuli, kuna kona ya jukwaa inaanza kuimba kabla hajaitwa, na ukisogea utasikia Kiswahili, Kibembe na Kirundi vimechanganyika. Watu wanatoka Abilene na Fort Worth na watoto migongoni. Siku ya Miami tiketi zilikuwa bei ya ng'ombe, mimi nilitazama nyumbani, na bao lilipoingia nilisikia kelele za uwanjani sekunde chache kabla ya kuliona kwenye runinga.

#26 – Mwalimu wa Heru Juu
Ndugu Mkazi, umenifanya nisome chapisho lako mara mbili. Nitalichapa nimtumie mwenzangu aliyebaki Kasulu.

#27 – Dogo wa Temeke
Mbona hakuna aliyetaja Olimpiki? Kama kweli walikuwa na mpango naye wangempeleka Paris 2024, maana umri ulimruhusu.

#28 – Mchambuzi wa Pembeni
Dogo, leo umepiga shabaha. Mwaka 2023 aliitwa timu ya chini ya miaka 23 ya kocha Marko Mitrović, kwa hiyo alikuwa katika hesabu. Orodha ya Paris ilikuwa na nafasi 18 tu, wakiwemo wachache waliozidi umri, na mbele walikwenda Duncan McGuire, Kevin Paredes, Griffin Yow na Taylor Booth. McGuire ndiye anayefaa kulinganishwa, kwa sababu naye alikuwa katika kikosi cha Slovenia. Wawili walitoka kambi moja ya Januari, mmoja akafika Paris. Nadhani hapo ndipo njia zilipoachana, mapema zaidi ya tunavyofikiri, na wala si kwa Pochettino.

#29 – Refa Mstaafu
Basi hiyo ni sababu ya tano au ya sita tangu uzi uanze, na kila moja inaingia vizuri mpaka ya pili itokee. Mimi bado nasimama na miaka ya akademi. Lakini, kwa haki, Jamie Vardy alitemwa na akademi ya Sheffield Wednesday, akacheza ligi za mchangani, na England wakamwita akiwa na miaka 28. Huyu ana 23. Angejifunza kucheza winga anayerudi hadi nyuma, kama Pochettino alivyomtumia Max Arfsten upande wa kushoto katika Gold Cup, pengine angeonekana upya.

#30 – Kipa Namba Mbili
Refa, yaani unataka kumgeuza mtoto wa chandimu awe beki? Mwalimu atalia.

#31 – Mwalimu wa Heru Juu
Nitalia, lakini nitatazama.

#32 – Wakili wa Kijiji
Huku mkimpangia namba, mwezi Desemba 2025 Taifa Stars wanakwenda Morocco katika Kombe la Mataifa ya Afrika, kwenye kundi lenye Nigeria, Tunisia na Uganda, nao Leopards wako na Senegal, Benin na Botswana. Yeye kwa kanuni bado hajafungwa na yeyote. Kama jalada lake lipo mezani kwa mtu, Kinshasa au Dar es Salaam, muda wa kulifungua ni sasa.

#33 – Binti wa Uvira
Kinshasa wana mshambuliaji wa kumkwepesha sheria kila mwezi, hawatakosa muda. Ila nikiwa mkweli, kama ningekuwa dada yake, ningemwambia abaki Dallas na agombee nafasi yake. Amekwisha kuhamishwa vya kutosha.

#34 – Mkesha wa Mpira
Asanteni wote. Mkazi wa Frisco, mechi yao ijayo nyumbani inaanza saa ngapi kwa saa zetu? Nataka nijue kama nilale kwanza au nikeshe moja kwa moja.

#35 – Mkazi wa Frisco
Huku zinaanza saa moja na nusu usiku, kwa hiyo kwenu ni saa tisa na nusu alfajiri. Ukizingatia dakika anazoingia, weka saa ikuamshe saa kumi na moja kasorobo.